Mpagazi, Kibarua na Manamba: Maneno ya Kazi na Habari za Watu Walioitwa Hivyo

Waalimu wengi, wanafunzi wakiwauliza maana ya neno, hutaja neno jingine lililo karibu nalo, wakapita. Mpagazi, wasema, ni mchukuzi wa mizigo ya safari; kibarua ni mtu wa kazi ya kutwa; manamba ni mtu wa mashamba ya mkonge. Maana hizo si uongo, lakini hazitoshi. Maneno haya matatu yalizaliwa na taabu za maskini wa nchi zetu katika muda wa miaka 100 na zaidi, na mtu akiyapanga kwa taratibu ataona jambo ambalo wenye misafara na wenye mashamba hawakuliandika: ya kuwa mtu wa kazi aliitwa kwanza kwa tendo lake, kisha kwa karatasi yake, na mwisho kwa hesabu. Twataka kulieleza jambo hilo hapa, kwa kuwa lawapasa wote wanaoandika majina ya watu.

I. MPAGAZI

Neno hili latoka katika kitenzi pagaa, yaani kuchukua mzigo kichwani au begani. Kitenzi hicho hicho hutumiwa kwa mtu aliyepandwa na pepo, asemwapo kuwa amepagawa. Mpagazi si hamali. Hamali ni mchukuzi wa mjini. Hutoa bidhaa forodhani, huzipeleka ghalani, na jioni hulala kwake. Mpagazi ni mtu wa safari. Akiondoka hajui atalala kwake lini, wala kama atalala kwake tena.

Wapagazi waliosifiwa kuliko wote katika karne ya 19 ni Wanyamwezi. Walishuka pwani na pembe zao wenyewe tangu mwanzo wa karne hiyo, kabla wafanya biashara wa pwani hawajazoea kupanda bara. Kijana asiyepata kuiona bahari alihesabiwa kwao kuwa bado mtoto. Kutoka Bagamoyo hata Tabora ni mwendo wa kilometa 800 na zaidi, na msafara wenye mizigo ulikwenda miezi miwili au mitatu, pengine zaidi kama kulikuwa na vita au njaa njiani. Mzigo wa desturi ulikuwa kadiri ya frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Na juu ya huo mpagazi alichukua mkeka wake, chungu chake, chakula chake na silaha yake. Nguo za merikani na kaniki zilikazwa sana katika robota ndefu. Mnyamwezi alipenda kuweka mzigo wake begani, na mtu wa pwani aliweka wake kichwani juu ya kata. Masango, yaani nyaya za shaba, yalifungwa mafungu mawili katika ncha mbili za mti, nao ndio mdala. Pembe kubwa isiyochukulika na mtu mmoja ilitundikwa katika mti na kuchukuliwa na watu wawili, nao ndio mzegazega.

Kwa posho mpagazi alipewa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, au alipewa nguo akanunue mwenyewe. Na mahali penye njaa nguo nyingi zilileta chakula kichache. Palikuwa na nchi mbili walizoziogopa. Ya kwanza ni Marenga Mkali, nchi ya maji machungu kabla ya kuingia Ugogo. Ya pili ni Mgunda Mkali, pori lililo kati ya Ugogo na Unyamwezi. Wasafiri wa Ulaya waliandika mara nyingi neno terekeza, wakimaanisha mwendo wa alasiri katika nchi isiyo na maji. Neno lenyewe ni telekeza, kutoka teleka, kuweka chungu motoni: watu walipika na kula adhuhuri palipokuwa na maji, wakajitwika mizigo jua likiwa bado kali, wakalala porini pasipo maji, wapate kufika maji ya pili kesho yake asubuhi. Ndui ikiingia katika msafara, mgonjwa aliyeshindwa kwenda aliachwa kando ya njia, na mzigo wake ukagawanywa kwa wengine.

Walakini mpagazi hakuwa mtu asiye na sauti. Alimfuata kirangozi, kiongozi wa njia, ambaye mara nyingi wapagazi wenyewe walimchagua katika wazee wa safari. Wakiona mzigo umezidi au posho imepungua, waliketi wote wala hawakuinua kitu mpaka maneno yaishe. Na wakiona wamedhulumiwa walitoroka usiku. Wengi waliotoroka waliiacha mizigo kambini, maana mtu aliyeiba mzigo aliharibu jina lake katika njia nzima. Wanawake nao walisafiri, wakapika, wakachukua vyungu na watoto, na vitabu vya wasafiri vimewasahau karibu kabisa.

Sisi wenyewe tuna deni kwao. Vitabu na vyombo vya chapa vya misheni za kwanza za bara vilifika kwa vichwa na mabega yao. Livingstone alipokufa katika kijiji cha Chitambo mwaka 1873, watu wake waliuchukua mwili wake mwendo wa kilometa 1,600 na zaidi hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Twakumbuka majina ya Susi, Chuma na Jacob Wainwright. Lakini waliokuwako walipata kadiri ya 60. Reli ilipofika ziwani Kisumu mwaka 1901, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi ya mpagazi katika njia kuu ilikwisha.

II. KIBARUA

Kibarua ni barua ndogo. Katika Unguja ya zamani mtumwa aliyekodishwa kwa kazi ya siku alipewa hati ndogo ya kuonyesha kwamba kazi imefanyika. Hati ile ikaitwa kibarua, kazi ikaitwa kibarua, na mwisho mtu mwenyewe akaitwa kibarua. Ujira wa mtumwa wa namna hii haukuwa wake wote. Jioni alimpelekea bwana wake sehemu, mara nyingi nusu, na kwa hiyo iliyosalia akajilisha na kujivika. Hivyo alikuwa huru kutafuta kazi, lakini hakuwa huru kuila faida yake.

Amri ya mwaka 1897 iliondoa hukumu ya utumwa katika Unguja na Pemba, lakini neno halikuondoka. Waliokuwa watumwa waliendelea kuchuma karafuu katika mashamba yale yale, wakilipwa kwa pishi walizochuma. Na wengine walishuka bandarini. Kibarua wa bandari hulipwa siku ile aliyoitwa. Meli isipokuja hapana kazi, na pasipo kazi hapana chakula. Kodi ya chumba lakini haingoji meli. Ndiyo sababu vibarua wa bandari walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kugoma katika pwani yetu: Mombasa mwaka 1939 na tena Januari 1947, Dar es Salaam mwaka huo huo wa 1947, na Unguja mwaka 1948.

Mwenye kupenda sarufi na atazame upatanisho wa neno hili. Twasema kibarua amekuja, kwa kuwa ni mtu. Lakini mtu akifukuzwa kazi twasema kibarua chake kimeota nyasi, kwa kuwa ni kazi. Mpagazi yumo katika ngeli ya m- na wa-, ngeli ya watu. Kibarua amehamia katika ngeli ya vitu, na upatanisho peke yake ndio wakumbusha kwamba yeye ni mtu.

III. KARIAKOO

Vita vya mwaka 1914 vilimrudisha mpagazi, lakini si kama alivyokuwa. Kusini ya reli hapakuwa na njia za magari, na ng'ombe na punda waliuawa na ndorobo. Basi majeshi yakachukuliwa na watu. Waingereza waliunda jeshi la wachukuzi liitwalo Carrier Corps, na vinywa vya watu vikaligeuza kuwa Kariakoo. Wadachi nao walikamata wachukuzi vijijini, wengine wakafungwa kamba wasitoroke. Mwaka 1917 watu walikusanywa kwa nguvu katika nchi iitwayo sasa Kenya, wilaya kwa wilaya. Mpagazi wa zamani aliweza kuketi na kukataa mzigo. Mtu wa Kariakoo hakuweza.

Walikufa wengi kupita kiasi, na si kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, kichomi na malaria. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi usiosagwa vema, wala hawakuwa na kuni wala wakati wa kuupika ukaiva. Waliotoka milimani kwenye baridi walipelekwa Rufiji wakati wa mafuriko. Hesabu ya serikali ya Waingereza ilitaja zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao, na wanahistoria wa baadaye wameona kwamba hesabu ya kweli yaipita hiyo sana.

Kila mchukuzi wa Waingereza aliandikwa na kupewa nambari. Lakini jina liliandikwa na karani asiyejua lugha ya mwenye jina; huyu aliandikwa jina la kijiji chake, yule jina la jumbe wake, na wengi waliitwa Juma au Hamisi kwa kuwa ndiyo majina aliyoyajua karani. Vita vilipokwisha, mishahara ya waliokufa ikakosa wenyewe. Mjane hakuweza kuonyesha kwamba mtu aliyeandikwa katika daftari ndiye mume wake, na fedha nyingi hazikufika nyumbani kwa watu kamwe. Tusidhani basi kwamba jina lililokosewa ni kosa dogo la maandishi. Kwa nyumba nyingi lilikuwa ni shamba lisilonunuliwa na mtoto asiyelishwa. Leo Kariakoo ni soko kubwa la Dar es Salaam, mahali palipokuwa na kambi yao, na Nairobi nako kuna mtaa wa Kariokor. Maelfu hununua na kuuza hapo kila siku, na walio wachache ndio wajuao kwamba wanataja jina la jeshi la wachukuzi.

IV. KIPANDE NA MANAMBA

Baada ya vita Kenya ilitia nguvu sheria ya mwaka 1915, na tangu 1920 hivi kila mwanamume wa Kiafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kuwa na kipande chenye alama za vidole vyake na maneno ya bwana wake. Alikivaa shingoni katika kibweta cha bati, na wengine wakakifananisha na kengele afungwayo mbuzi. Mtu hakuweza kuacha kazi mpaka bwana wake aandike katika kipande kwamba amemwachilia.

Katika Tanganyika neno kipande lilikuwa na maana nyingine. Lilikuwa ni kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku iliyotimizwa ilitiwa alama, na mshahara ulilipwa siku zote 30 zilipokwisha timia. Mtu aliyeugua katikati alingoja. Kadi hiyo ndiyo iliyotawala mashamba ya mkonge. Mmea huo uliletwa na Mdachi Richard Hindorf mwaka 1893, ukaenea Tanga, Pangani, Korogwe na Morogoro. Wakataji walitoka mbali: Kigoma, Unyamwezi, Songea, Burundi, hata Msumbiji. Waliondoshwa kwao na kodi, ambayo Wadachi walikuwa wameianza mwaka 1898 kwa rupia 3 kwa nyumba, na Waingereza wakaiendeleza.

Aliyeandikwa kwa mkataba alipewa nambari, naye akawa manamba. Asubuhi na mapema alikuwa shambani na kisu chake, akikata majani yenye mwiba nchani, utomvu wake ukiwasha ngozi, akiyafunga mafungu na kuyabeba mpaka kwenye reli ndogo. Kutoka hapo majani yalipelekwa kwenye nyumba ya mashine, ambayo watu waliiita korona kwa jina la mashine yenyewe. Asiyemaliza kiasi cha siku hakupata alama katika kadi. Bei ya mkonge ilipoanguka baada ya mwaka 1929, mishahara nayo ilishushwa. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandika watu, nayo ilifungwa katika miaka ya 1960.

Angalia tena sarufi. Manamba ni wingi wa namba, lakini lasemwa kwa mtu mmoja na kwa watu wengi sawasawa: manamba amefika, manamba wamefika. Aliyeitwa mpagazi alikuwa na umoja wake na wingi wake. Manamba hana hata umoja. Katika makambi jirani walilitumia kama tusi, na watoto wa manamba walificha asili ya baba zao.

V. LITUPASALO

Wazee wetu walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake, mzigo ulio kichwani kwa mwingine wauona mwepesi. Ndivyo tulivyozisoma habari hizi zamani: tukahesabu frasila, tukahesabu robota za mkonge zilizopakiwa Tanga, wala hatukuuliza uzito wake kwa waliochukua.

Wapagazi na watu wa Kariakoo wamekwisha kufa wote. Manamba wa mwisho walioandikwa kwa mikataba ni wazee sana sasa, na baadhi yao hawakurudi kwao kamwe. Walizeeka katika vijiji vilivyo kando ya mashamba. Mwalimu aliye karibu nao na awaulize: Ulitoka kijiji gani? Nani alikuandika? Uliitwaje nyumbani kabla ya kupewa nambari? Na aandike jina kama anavyolitamka mwenyewe, pamoja na jina la baba na la mahali.

Tena kila parokia ina daftari za ubatizo, za ndoa na za maziko. Mahali pengi hizo ndizo maandiko ya pekee ambamo mtu maskini ametajwa kwa jina lake, la mama yake na la baba yake. Padre au mwalimu ashikapo kalamu kuandika ndani yake, na asifanye kama karani wa Kariakoo. Mtu mbele yake akilitaja jina asilolifahamu, na amwombe alirudie.