Vita vya Mbali na Wageni wa Bonde la Kilombero

Msafiri atokaye Mikumi kwenda Ifakara, akiisha kuvuka Ruaha Mkuu pale Kidatu na kuyaacha nyuma mashamba ya miwa, huingia katika ukanda mwembamba wa ardhi uliobanwa baina ya milima ya Udzungwa mkono wa kuume na bonde tambarare la mto Kilombero mkono wa kushoto, na humo ndimo ulimo mji mdogo wa Mang'ula. Akiketi kitambo stesheni atasikia Kipogoro, Kindamba, Kibena, Kihehe na Kisukuma, zote zikikutana katika Kiswahili kimoja. Wala si wengi katika bonde hili wawezao kudai kwamba jadi zao zilikuwapo hapa tangu azali, kwani hata Wambunga, wanaohesabiwa leo miongoni mwa wenyeji, waliingia karne ya kumi na tisa wakisukumwa na misukosuko ya vita vya Wangoni. Sababu ya mchanganyiko huu aghalabu hutajwa kuwa ni rutuba, miwa na reli, nami sikanushi. Lakini iko sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni vita vilivyopiganwa au kuamriwa mbali, na watu ambao hawakupata kamwe kuuona mto Kilombero.

Suala hili siku hizi huzungumzwa kana kwamba ni la nchi za Magharibi peke yao. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, na hasa tangu vita vya Ghaza vilipowaka Oktoba 2023, katika London, Paris na Berlin raia wengi wenye asili ya ng'ambo wameona majirani wakiwatazama kwa jicho la kuuliza, kwamba je, mtu huyu moyo wake uko hapa au uko huko alikotoka babu yake? Wako watawala waliolitumia swali hilo kukaza sheria za uhamiaji, na wako walioshika bendera za ugomvi wa mbali wakazitumia kuwatisha jirani zao wasio na hatia. Bonde la Kilombero limeyajua mambo haya kwa zaidi ya miaka mia, ila kwa upande wa pili wa kioo: hapa ajnabi aliyetiliwa shaka alikuwa Mzungu, na baadaye Mchina.

Dola za Ulaya zilipogombana mwaka 1914 kwa kisa kilichoanzia Sarajevo, mkulima wa mpunga wa Ifakara hakuwa na hoja na yeyote miongoni mwao. Ilikuwa haijatimia miaka kumi tangu Wajerumani wazime Maji Maji kwa risasi na kwa njaa, na makovu yalikuwa mabichi. Walakini vijana wa nchi walivikwa sare wakaambiwa kwamba adui ni Mwingereza, na wengine wengi zaidi wakatiwa mzigo kichwani bila ya kuambiwa lolote. Mwaka 1917 vita vikafika bondeni penyewe. Majeshi ya Wabelgiji, ambayo askari wake walikuwa watu wa Kongo, yaliuvuka mto yakapanda Mahenge na kuuteka mji huo tarehe 9 Oktoba, na kikosi cha Kijerumani cha Tafel, kilichoondoka huko kwenda kusini, kikasalimu amri tarehe 28 Novemba kwa kukosa chakula. Chakula hicho, ikumbukwe, kilikuwa kimekwisha kutolewa katika maghala ya watu, kwanza na jeshi moja kisha na la pili, na kila jeshi lilihesabu kuficha mtama kuwa ni uasi. Basi Mkongo na Mpogoro wakapimana kwa bunduki juu ya mipaka ya Flanders, na hakuna kitu katika historia ya vita vile kinionekanacho kuwa dhuluma iliyo wazi kuliko hicho.

Baada ya silaha kutuliwa ikaja hesabu ya wageni. Waingereza walioikamata nchi waliamua kwamba Mjerumani, awe mlowezi, mfanya biashara au mtawa, ni mtu wa dola adui, na kufikia 1920 wakawa wamewaondoa karibu wote. Mashamba na nyumba zao zikawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui zikanadiwa, na wanunuzi wengi wakawa Wahindi na Wayunani. Miongoni mwa walioondoka walikuwamo Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia waliofungua misheni ya Kwiro, karibu na Mahenge, mwaka 1902, pamoja na askofu wao Thomas Spreiter. Sisemi kwamba watawa wale walikuwa malaika, kwani misheni zao zilisimama chini ya kivuli cha dola iliyoimwaga damu ya nchi hii. Nasema tu kwamba hakuna aliyekaa kuwauliza wamefundisha nini, wamemtibu nani, au waumini wao wanataka nini. Iliulizwa karatasi, na karatasi ikajibu.

Na tazama kilichofuata. Mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi waliingia Dar es Salaam pamoja na masista wa Baldegg, wakarithishwa misheni zile, Kwiro na bonde lote zikiwa ndani yake. Na wengi wao walisema Kijerumani kile kile, wakasali sala zile zile, wakaimba nyimbo zile zile za Krismasi. Mkristo wa Ifakara aliyezoea kuungama kwa Mbenediktini alimwona mbele yake mtawa mwingine mwenye ndevu ndefu na kamba kiunoni, akaambiwa kwamba huyu hana hatia ya vita. Kilichomtofautisha huyu na yule ni kwamba nchi ya huyu ilikuwa haikuingia katika ugomvi. Ninawiwa kusema, kwa insafu, kwamba bonde lilipata kheri kubwa kwa mkono wa Waswisi: hospitali ya Mtakatifu Francis ikakua Ifakara, na katika 1949 akaja mtaalamu Rudolf Geigy wa Basel, ambaye juhudi zake zilizaa maabara ya utafiti mwaka 1957, nayo ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, ijulikanayo duniani kwa utafiti wa malaria na wa vyandarua vyenye dawa. Kheri hiyo, tukiifuatilia hadi kwenye shina, imetokana na nchi moja ndogo ya milimani kukataa kupigana.

Wajerumani waliruhusiwa kurejea mwaka 1925, na wakarejea kwa wingi, hata kufikia 1939 idadi yao katika Tanganyika ilikuwa takriban 3,000. Safari hii shaka haikuwa ya bure kabisa, kwa sababu serikali ya Hitler ilikuwa ikidai kurudishiwa makoloni, na chama chake kilikuwa na matawi miongoni mwa walowezi. Lakini Septemba 1939 ilipofika, mkono wa sheria ulimchukua mfuasi wa Hitler pamoja na yule aliyemkimbia, na wamisionari wengi wa Kilutheri walikamatwa, Waswidi na Wamarekani wakashika kazi zao. Hata huko Uingereza kwenyewe mambo yalikuwa hayo hayo: mwaka 1940 Wayahudi waliomkimbia Hitler walifungwa katika Isle of Man pamoja na Wajerumani wengine na Waitalia. Na Marekani, katika 1942, iliwaondoa majumbani watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, thuluthi mbili kati yao wakiwa raia waliozaliwa humo humo, ikawaweka makambini jangwani. Ilichukua hadi 1988 ndipo serikali ilipotunga sheria ya kuwaomba radhi. Miaka hiyo hiyo Tanganyika ilikuwa ikiwapokea maelfu ya Wapolandi waliotolewa Siberia, ikawapa kambi Tengeru, Ifunda, Kidugala na kwingineko. Huyu alifukuzwa na yule akapokewa kwa sababu ya vita vile vile, na mwenyeji wa nchi hakuulizwa lolote juu ya mmoja wala mwingine.

Mara ya tatu mwenyeji aliulizwa, na ndiyo maana napenda kukaa hapa kwa urefu.

Fikra ya reli kupita bonde hili ni kongwe. Clement Gillman, raia wa Uingereza aliyekuja mwaka 1905 kuwatumikia Wajerumani katika ujenzi wa reli ya kati na baadaye akawa mhandisi mkuu wa reli chini ya Waingereza, alisimamia upimaji wa njia ya kusini-magharibi ambao taarifa yake ilitoka 1929. Njia ikabaki katika vitabu. Kilichoitoa humo ni ugomvi wa mbali: tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, Zambia ikajikuta imefungiwa njia ya kusini, na Benki ya Dunia pamoja na serikali za Magharibi zikawa zimekwisha kusema kwamba reli ya kutoka huko hadi Dar es Salaam haina faida. China ikakubali kuijenga mwaka 1967, na kazi ikazinduliwa Oktoba 1970.

Mang'ula ikawa kambi kuu mojawapo. Palijengwa karakana kubwa, na wakaja maelfu ya mafundi wa Kichina. Kwa njia nzima ya kilometa 1,860 jumla yao kwa miaka yote hukadiriwa baina ya 30,000 na 50,000, na zaidi ya sitini walifia kazini. Katika magazeti ya Magharibi waliitwa wanajeshi waliojificha, na reli ikaelezwa kuwa ni mlango wa ukomunisti. Waliofanya kazi nao waliona jambo jingine. Kambi zilizungushiwa taratibu kali, Mchina hakutembea ovyo wala hakuruhusiwa kuoa. Pembeni ya mabweni alilima kabichi na matango yake mwenyewe, na jioni alizimwagilia kwa zamu. Fundi hakuwa na maneno mengi ya Kiswahili, basi aliushika mkono wa kijana juu ya tupa, akauongoza mbele na nyuma mpaka chuma kikalainika, kisha akauachia na kutazama. Vijana hao wengi walitoka Jeshi la Kujenga Taifa na umoja wa vijana wa TANU, kutoka kila pembe ya nchi, na wengi hawakurudi makwao.

Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwaruhusu Wamarekani kusaidia kujenga barabara kuu ya Zambia katika miaka ile ile Wachina walipokuwa wakitandika reli, na haikumtaka raia achague mmojawapo; hiyo, kwa maoni yangu, ni hekima ambayo dola kubwa zaidi zimeshindwa kuifikia. Lakini bei ilikuwapo. Kwa kuhofia hujuma za Wareno na walowezi wa kusini, reli ililindwa, na vijiji vya ujamaa vikapangwa kandokando yake ili wanakijiji wawe macho yake. Aliyekuwa na shamba mlimani alishushwa bondeni, na mgeni asiyejulikana akaulizwa anakwenda wapi. Shaka iliyowapata wengine ikamfikia na mwenyeji, akawa mlinzi na mshukiwa kwa pamoja.

Reli ilikabidhiwa Julai 1976. Zimbabwe ikapata uhuru 1980, Afrika Kusini ikaachana na ubaguzi 1994, mizigo ya Zambia ikarudi njia ya kusini, na sababu iliyoileta reli Mang'ula ikaondoka ilhali reli na watu wamebaki. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini mjini Beijing makubaliano ya kuifufua, na Marekani na Ulaya nazo zinaisukuma njia ya Lobito upande wa Angola. Magharibi wanazipima reli hizo mbili kwa mizani ya ugomvi wao na China. Mang'ula watu wanataka kujua kama treni ya abiria itapita kwa saa yake, kama mchele utafika Dar es Salaam kabla bei haijashuka, na kama mafundi watakaokuja safari hii watakuwa na ruhusa ya kukaa nao mtaani.