Maseno: Shule ya Serikali Chini ya Kanisa

Maseno iko nchini Kenya, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, pale ikweta inapopita na Waluo na Waluhya wanapopakana. Mwaka 1906 mmisionari J. J. Willis wa Church Missionary Society alifungua shule hapo, na wavulana wa mwanzo wengi wao walikuwa wana wa machifu. Wakati huo eneo hilo lilikuwa chini ya Dayosisi ya Uganda, na mwaka 1912 Willis mwenyewe akawa askofu wake.

Wamisionari walitaka kufundisha dini pamoja na kazi za mikono. Wavulana walitaka kitabu. Mwaka 1908, shule ikiwa na miaka miwili tu, wakagoma: wakakataa kazi za mikono, wakadai wazidishiwe kusoma na kuandika. Kwangu mimi hapo ndipo historia ya Maseno inapoanza hasa, kwa sababu siku hiyo wenyeji walisema wanataka shule ya namna gani.

Miaka 13 baadaye dai hilo lilitoka nje ya ua wa shule. Desemba 1921 waliosoma Maseno, Jonathan Okwiri akiwa miongoni mwao, waliitisha baraza huko Lundha, Gem, wakaanzisha Young Kavirondo Association. Walilalamikia kodi ya nyumba, kitambulisho cha kipande na kazi ya kulazimishwa. Tena waliomba serikali iwajengee shule yake Nyanza. Wanafunzi wa misheni, wakiwa bado waumini, walikuwa wameshaona kwamba elimu ya watoto wao ni deni la dola.

Carey Francis, mwanahisabati kutoka Cambridge, aliiongoza Maseno tangu 1928 hadi 1940, kisha akahamia shule ya Alliance. Jaramogi Oginga Odinga alisoma hapa na baadaye akafundisha. Mwanahistoria Bethwell Ogot alipita hapa, na vilevile Barack Obama, baba wa yule rais wa zamani wa Marekani.

Deni lilianza kulipwa baada ya uhuru. Tume ya Kuwaajiri Walimu iliundwa mwaka 1967, na Sheria ya Elimu ya 1968 ikaziweka shule za misheni mikononi mwa serikali. Makanisa yakabaki wafadhili. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinampa mfadhili nafasi katika bodi na malezi ya kiroho, bila kuwabughudhi wanafunzi wa imani nyingine. Kinamtaka pia atoe msaada wa fedha na majengo.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo isiyotajwa sana. Tunasikia zaidi makanisa na serikali wakivutana juu ya nani awe mwalimu mkuu. Kutoa ardhi miaka 100 iliyopita ni jambo kubwa, lakini hakuezeki bweni linalovuja leo. Ninyi mnaokaa katika bodi kwa jina la kanisa, kisomeni kifungu hicho chote kabla ya kikao kijacho, mje na bajeti.