Mpagazi Akiugua, Nani Alimbeba?

Mwaka jana shosho yangu alienda kongamano la akina mama wa kanisa huko Embu. Siku ya pili homa ikampiga. Wenzake wakataka kumpeleka hospitali palepale mjini, akakataa katakata: kama ni kuugua, ataugulia kwake Chogoria. Nikatumwa mimi kumchukua, kwa sababu mimi ndiye sina kazi. (Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na hizi video zangu za simu familia bado haijakubali kuziita kazi.)

Tukapewa kiti cha mbele kwa matatu. Makanga alikuwa mtu wa watu, akampa mfuko wa kutapikia na kumwambia dereva apunguze mwendo kwa kona. Runyenjes, Thuci, Chuka. Kama umewahi kupita barabara ya Embu kwenda Meru unajua ilivyo: mlima uko kushoto, mito inateremka kutoka huko kwenda Tana, na wewe unaivuka mmoja baada ya mwingine, shuka bonde, panda bonde. Tulipokaribia daraja la Nithi gari lote lilinyamaza. Si mnakumbuka Julai 2022, basi lilipotumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Shosho ndiye aliyeongea. "Babu yangu alipita hapa na mzigo wa mzungu kichwani. Walienda mkutano wa dini Kikuyu. Alirudi na homa kama hii yangu, lakini yeye hakupewa kiti." Kisha akafunga macho tena.

Hayo maneno yamenikalia mpaka leo, kwa sababu mkutano wa Kikuyu mimi naujua. Uko kwa vitabu. Juni 1913, wamisionari wa Kianglikana wa CMS, wa Kanisa la Scotland, wa Africa Inland Mission na wa United Methodist walikutana Thogoto kujadili shirikisho la misheni zao. Mwenyekiti alikuwa Askofu Willis wa Uganda. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa akaongoza Meza ya Bwana ndani ya kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakashiriki. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliposikia, aliwaka. Akawashtaki wenzake kwa uzushi, kesi ikafika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, magazeti ya London yakajaa Kikuyu, Kikuyu, Kikuyu. Karatasi ngapi ziliandikwa kuhusu nani aruhusiwe kula mkate ule! Watu waliowafikisha pale na hema zao, wangekula nini njiani? Hapo wino uliisha.

Hebu fikiria safari yenyewe. Boma la Embu lilikuwa limewekwa 1906, la Meru 1908. Dr. Crawford wa CMS alifungua misheni ya Kigari, Embu, mwaka 1910, na Wamethodisti wakaanza Kaaga, Meru, 1912. Reli haikuwa imefika huko. Kutoka Meru hadi Nairobi kwa njia ya leo ni zaidi ya kilomita 200. Ukitembea kilomita 20 au 25 kwa siku, kwa mabonde yale, umemaliza wiki na zaidi, halafu kuna kurudi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60, karibu kilo 27. Na wengi hawakuenda kwa kupenda safari. Kulikuwa na kodi ya nyumba, na kodi ilitakiwa kwa pesa.

Misionari akiugua njiani, kulikuwa na utaratibu: kwinini, kupumzika, na akizidiwa, machela. Askofu James Hannington, kwenye safari yake ya kwanza ya 1882, aliugua kuhara damu hata akarudishwa pwani akibebwa. Hilo tunalijua kwa sababu yeye na marafiki zake waliandika. Simlaumu kwa kuugua, jamani, homa haichagui rangi. Ninachouliza ni hiki: machela ina mabega pande zote mbili, na mabega nayo huugua.

Jibu la swali hilo lilikuja kwa ukatili mwaka uliofuata mkutano. Vita vya 1914 vilipoanza, serikali ikakusanya wapagazi kwa maelfu, Carrier Corps, ndiyo iliyotuachia jina la Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam. Zaidi ya 40,000 kutoka Kenya walikufa, na wengi hawakupigwa risasi. Ilikuwa kuhara, malaria, nimonia, chakula kibovu. Kufa kwa magonjwa ya safari, basi.

Najua kuna watu watakuja hapa kuniambia wamisionari walituletea hospitali. Ni kweli. Dr. Irvine alifika Chogoria 1922, na hospitali aliyoianzisha ndiyo tuliyompeleka shosho siku ile, ikamtibu vizuri sana. Lakini hata hapo, walimu Waafrika kutoka Kikuyu walikuwa wametangulia kuhubiri kabla yake. Walikuja kwa miguu pia.

Na sisi wengine dini zetu zenyewe ni ramani ya safari hizo. Misheni za Kiprotestanti ziligawana maeneo ili zisigombanie watu: Embu kwa Waanglikana, Imenti kwa Wamethodisti, Chogoria na Chuka kwa Waskoti. Wakatoliki wa Consolata hawakuwa kwa hayo makubaliano, wakaenda kote. Ndiyo maana mimi ni PCEA na rafiki yangu wa Nkubu ni Mmethodisti, tunataniana kana kwamba tulichagua.

Shosho alilala wodini siku tatu. Siku ya mwisho nikamuuliza babu yake alifikaje nyumbani, kama hakubebwa. Akashangaa ati sijui. Msafara ulimwacha kabla ya mto Thuci kwa sababu hangeweza kuinua mzigo, na mzigo ukapewa mwingine. Mama mmoja Muembu alimkuta kando ya njia, akamkokota hadi kwake, akamnywesha uji hadi mwezi ukaisha. Aliporudi kwao akaoa, na binti yake wa pili akampa jina la mama yule. Jina hilo halijatoka kwetu tangu hapo. Sasa liko kwa binamu yangu wa darasa la tatu, ndiyo maana siliandiki hapa.

Nikamuuliza, na yule mzungu aliitwa nani? Shosho akasema hajui.