Mbolea za tangi la samaki lenye mimea

Mbolea za tangi la samaki lenye mimea ni chumvi zinazoyeyushwa majini ili kuilisha mimea bila kuwadhuru viumbe waliomo. Hatari kubwa hutokana na aina ya nitrojeni: urea, yenye nitrojeni asilimia 46, huvunjwa na bakteria ikawa amonia, sumu inayounguza matamvua, ilhali mbolea za DAP na CAN, zilizozoeleka katika maduka ya pembejeo nchini Tanzania, zina amoniamu. Amoniamu yenyewe si kali sana, lakini kila pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, inapopanda kwa 1, sehemu yake inayogeuka amonia huongezeka karibu mara 10, na joto huizidisha. Ndiyo maana mfugaji wa Kinondoni au Temeke, ambaye maji yake yana joto la pwani mwaka mzima, hana budi kuziepuka kabisa.

Chaguo salama zaidi ni nitrati ya potasiamu, ambayo gramu 1 katika lita 100 huongeza takriban miligramu 6 za nitrati kwa kila lita, ikiambatana na fosfati ya potasiamu kidogo. Mbolea yenye shaba nayo itumiwe kwa tahadhari: ingawa mimea huihitaji kwa kiasi kidogo mno, shaba ikizidi huua kamba na konokono.

Samaki aliyedhurika na amonia hupanda juu akitweta, matamvua yakiwa mekundu, na hapo sehemu kubwa ya maji hubadilishwa mara moja. Maji ya bomba huondolewa klorini kwanza.