Picha ya Kifua na Siasa ya Vumbi

Tumezoea kuiona picha ya eksirei kama shahidi asiyesema uongo: kilichomo kinaonekana, na kisichoonekana hakimo. Historia ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini yanitia shaka. Shahidi huyu hunena pale tu anapoitwa, na kwa miongo mingi waliokuwa na mamlaka ya kumwita walichagua amwone nani na asimwone nani.

Wilhelm Röntgen aligundua miale hiyo mjini Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895. Wakati huo migodi ya Witwatersrand ilikuwa na umri usiozidi miaka kumi. Mwamba wa huko umejaa silika. Ukitobolewa kwa mashine na kulipuliwa kwa baruti, hutoa vumbi laini mno ambalo likishafika ndani kabisa ya mapafu halitoki. Mwili hulizingira kwa makovu, na makovu hayo huendelea kukua hata baada ya mtu kuacha kazi. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna tiba, na humfungulia mlango kifua kikuu.

Katika picha ya kifua, silikosisi hujitokeza kama punje ndogo za mviringo, aghalabu sehemu za juu za mapafu yote mawili. Zikizidi, huungana na kuwa mabonge. Pengine tezi zilizo kwenye shina la mapafu huzungukwa na utando wa chokaa mithili ya ganda la yai. Mwaka 1930 Shirika la Kazi Duniani (ILO) liliitisha mkutano wa kimataifa kuhusu ugonjwa huu mjini Johannesburg. Mfumo wa ILO unaotumika leo huzipa punje hizo herufi kwa kipimo: p haizidi milimita 1.5, q haizidi 3, r haizidi 10. Wingi wake hupewa daraja kuanzia 0 hadi 3. Ni lugha nadhifu, inayoonekana kutojua rangi ya mtu.

Hata hivyo, Johannesburg haikupata umahiri huo kwa kuwatazama watu wote. Sheria ya fidia ilikuwapo tangu mwaka 1912, na mwaka 1916 ilianzishwa ofisi maalumu ya kitabibu ya kuwapima wachimbaji. Wachimbaji Wazungu walipigwa picha za eksirei kwa utaratibu. Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wao kwa mbali, walipangwa mstari, wakatazamwa kwa haraka na kupimwa uzito. Aliyekonda ndiye aliyeshukiwa kuwa mgonjwa. Mizani ikashika nafasi ya eksirei, ilhali silikosisi inaweza kuyala mapafu ya mtu ambaye uzito wake haujapungua. Jock McCulloch, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu siasa ya silikosisi, ameonyesha jinsi takwimu ndogo zilizozaliwa na upimaji huo zilivyotumiwa kuthibitisha kwamba migodi ni salama. Wagonjwa hawakuhesabiwa, kisha ikasemwa kwamba wagonjwa ni wachache.

Mkataba ulipokwisha, mtu alirudishwa kwao: Lesotho, Msumbiji, Nyasaland, na hata kusini mwa Tanganyika, ambako shirika la uajiri lililojulikana kwa jina la Wenela lilikuwa likikusanya vijana. Kwa kuwa ugonjwa huchukua miaka mingi kujitokeza, wengi uliwakuta kijijini, mbali na mashine yoyote ya eksirei. Faida ilibaki Johannesburg, kikohozi kikasafiri.

Picha zilizokosekana zilipigwa hatimaye katika miaka ya 1990. Uchunguzi uliofanywa Thamaga, Botswana, ulikuta zaidi ya robo ya waliokuwa wachimbaji wana ugonjwa wa vumbi. Huko Libode, Rasi ya Mashariki, msomaji mmoja wa picha alipata asilimia 22 na mwingine asilimia 36, kwa picha zilezile. Kusoma picha ni kuamua, na uamuzi una mwenyewe. Lakini hata ile hesabu ya chini iliuumbua uongo wa karibu karne nzima.

Ubaguzi wa rangi uliondolewa katika sheria ya fidia mwaka 1993. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba mchimbaji Thembekile Mankayi alikuwa na haki ya kuishtaki kampuni. Yeye mwenyewe alifariki siku chache kabla ya hukumu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha mapatano kati ya wachimbaji na kampuni sita, yaliyozaa mfuko wa Tshiamiso. Mapatano hayo yanawahusu waliofanya kazi baada ya tarehe 12 Machi 1965. Tanganyika huru ilikuwa imeifungia Wenela mlango mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo babu zetu waliokwenda kabla ya hapo na kurejea wako nje ya mstari wa fidia, kama walivyokuwa nje ya chumba cha eksirei.

Nayaandika haya kwa sababu sisi pia tunachimba. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, na hiyo ni hatua ya kuheshimiwa. Lakini fidia humtafuta mwajiriwa mwenye mwajiri, rekodi na picha. Mchimbaji mdogo anayepasua mwamba kwa ujira wa siku mara nyingi hana hata kimoja kati ya hivyo. Atakapoanza kukohoa miaka kumi na mitano ijayo, ataandikiwa kifua kikuu, atapewa vidonge, na vumbi halitatajwa popote.

Mtumishi wa umma anayesoma haya anaweza kuanza na swali jepesi: katika wilaya yake, mgonjwa wa kifua akifika hospitalini, je, yupo anayemuuliza kama amewahi kufanya kazi mgodini, na jibu lake huandikwa wapi? Serikali isiyouliza swali hilo haihitaji kuwa na sheria ya kibaguzi ili kupata takwimu ndogo.