Dabi ya Epsom: Kilima na Nasaba

Uwanja wa Epsom, katika jimbo la Surrey kusini mwa London, haukusawazishwa kwa ajili ya farasi. Dabi inaanza kwa kupanda, na kabla ya nusu ya safari kuisha farasi wamekwea zaidi ya mita 40. Halafu wanateremka kwa kasi wakikata kushoto hadi kona ya Tattenham. Njia iliyonyooka baada ya kona imeinama upande mmoja, na farasi aliyechoka huanza kuserereka kuelekea uzio wa ndani. Umbali wote ni maili moja na nusu, takriban mita 2,400. Mwenye nguvu asiye na wepesi huachwa mteremkoni, na mwenye wepesi asiye na pumzi humalizikia njiani. Wanaoruhusiwa ni farasi wa miaka mitatu tu, madume na majike, lakini aliyehasiwa haingii. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloieleza Dabi kuliko yote: anayetafutwa pale ni mzazi wa farasi wa kesho.

Mbio hizi ziliasisiwa na Edward Smith-Stanley, mwungwana wa 12 kushika cheo cha Earl wa Derby, mwaka mmoja baada ya kuanzisha Oaks, mbio za majike, mwaka 1779. Inasimuliwa kwamba yeye na rafiki yake Sir Charles Bunbury walirusha sarafu kuamua zichukue jina la nani. Kisa hicho hakina uthibitisho, lakini ni hakika kwamba tarehe 4 Mei 1780 farasi wa Bunbury, Diomed, ndiye aliyeshinda. Siku ile umbali ulikuwa maili moja tu. Maili moja na nusu ilianza mwaka 1784. Diomed alipozeeka Waingereza hawakumtaka tena. Mwaka 1798, akiwa na miaka 21, aliuzwa Virginia, Marekani, na huko akawa babu wa ukoo mkubwa wa farasi wa mbio. Si mara ya mwisho kwa Epsom kutoa mzazi ambaye faida yake imeliwa ng’ambo.

Kwani damu yenyewe ilitoka ng’ambo. Thorabredi, farasi wa mbio wa Kiingereza, kwa upande wa baba hurudi kwa madume watatu waliotoka Mashariki. Mmoja wao, Darley Arabian, alinunuliwa Aleppo, Syria, akafikishwa Uingereza mwaka 1704. Kilembwe wake, Eclipse, alikimbia mara 18 bila kushindwa, na watoto watatu wa Eclipse walitwaa Dabi ndani ya miaka mitano ya mwanzo. Leo karibu madume wote wa thorabredi duniani hurudi kwa yule Mwarabu wa Aleppo.

Karne ya 19 na ya 20 zilikuwa na vituko vyake. Mwaka 1844 aliyefika wa kwanza kwa jina la Running Rein aligundulika kuwa ni farasi mwingine, tena wa miaka minne, na ushindi akapewa Orlando. Mwaka 1913 Emily Davison, aliyekuwa akipigania haki ya wanawake kupiga kura, aliingia njiani akagongwa na farasi wa mfalme. Alifariki siku nne baadaye. Mbio hizo hizo mshindi alinyang’anywa ushindi, nao ukaenda kwa Aboyeur, aliyekuwa na dau la 100 kwa 1.

Jina ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kutambulishwa ni Aga Khan. Sultan Mahomed Shah, Aga Khan wa tatu, aliyepimwa kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946, alishinda Dabi mara tano. Mahmoud, farasi wake wa kijivu, aliweka mwaka 1936 muda ambao haukuvunjwa hadi 1995. Mjukuu wa Aga Khan huyo, Karim, aliyeishi Nairobi utotoni, naye alishinda mara tano. Shergar wake alimwacha wa pili kwa urefu wa farasi 10 mwaka 1981, na hadi leo hakuna aliyeshinda kwa pengo kubwa zaidi. Miaka miwili baadaye Shergar aliibwa Ireland, na hakuonekana tena.

Sasa kwa wanaosoma fomu, yaani matokeo ya nyuma ya farasi, ili kumtabiri mshindi. Wengi huanza na matokeo ya Guineas, mbio za maili moja za mwezi Mei. Huo ni mwongozo mbovu. Auguste Rodin alimaliza wa 12 kwenye Guineas mwaka 2023, City Of Troy wa tisa mwaka 2024. Wote wawili walishinda Dabi wiki chache baadaye. Majaribio ya Dante, kule York, yametoa dalili nzuri zaidi: Golden Horn na Desert Crown walipitia huko. Hata hivyo ukurasa wa nasaba unayapita hayo yote. Galileo, mshindi wa mwaka 2001, alizaa washindi watano wa Dabi, na kila mshindi kuanzia Masar mwaka 2018 hadi Lambourn mwaka 2025 ni mtoto wake au mjukuu wake, kwa upande wa baba au wa mama. Wanane mfululizo!

Mkufunzi Aidan O’Brien wa Ireland, aliyemlea Galileo, ameshinda mara 11, na hakuna mkufunzi aliyemfikia. Wenye mali wa Dubai, waliokuwa wakitamba Epsom tangu miaka ya 1980, nao wamelazimika kuchota kisima hicho hicho: Masar na Adayar, washindi wao, ni wajukuu wa Galileo.

Mimi naliona hilo kuwa hatari. Uwanja ule bado unapima kwa haki, lakini wanaopimwa wanazidi kuwa ndugu, na wafugaji wanaochagua baba kwa bei ya soko wameruhusu ukoo mmoja ufunike mingine. Galileo alikufa Julai 2021. Anayetaka kujua kama Dabi itabadilika asitazame dau. Atazame ni madume gani wasio wa ukoo huo wanaopelekewa majike bora.