Jinsi Mofini Ilivyofika Kwenye Uti wa Mgongo

Akina mama wa Kang'ata, wilayani Handeni, waliojifungua kwa upasuaji wengi wao wanaijua sindano ya mgongo. Mama huketi ukingoni mwa kitanda, akainamisha kichwa hadi kidevu kiguse kifua, huku muuguzi akimshika mabega asijitikise. Mtaalamu wa usingizi hupapasa kiuno, huchoma, kisha hungoja tone la maji maangavu litoke ndipo asukume dawa. Dakika chache baadaye miguu inakuwa mizito. Hiyo ni ganzi, na baada ya saa chache huisha.

Aliyeanzisha njia hiyo ni daktari Mjerumani, August Bier, mjini Kiel mwaka 1898. Ni mwaka mmoja tu tangu Wajerumani wenzake wafungue hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo leo ni taasisi yetu ya saratani. Bier alitumia kokeini. Mwaka 1901 Mromania Nicolae Racoviceanu-Pitești alieleza jinsi alivyoichanganya na mofini, lakini wazo lake likalala miaka mingi.

Liliamshwa na maabara. Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder, huko Marekani, walionyesha kwamba mwili una vipokezi ambavyo mofini hushika. Mwaka 1976 Tony Yaksh na Thomas Rudy wakathibitisha kwa panya kwamba dawa hiyo ikiwekwa moja kwa moja kwenye uti wa mgongo huzuia maumivu. Mwaka 1979 madaktari wa Mayo Clinic wakawapa wagonjwa wa saratani mofini kwa njia hiyo. Kiasi kidogo mno kilitosha: kwa makadirio yanayotumika sana, miligramu 1 mgongoni hufanya kazi ya takriban miligramu 300 za kumeza.

Ikaja pampu inayozikwa chini ya ngozi ya tumbo, mrija wake ukiingia mgongoni. Marekani iliidhinisha mofini itumike kwenye pampu ya aina hiyo mwaka 1991, na matumizi yakavuka saratani hadi kwa watu wenye maumivu sugu ya mgongo. Hapo ndipo mashaka yalipoanza. Mwili huizoea dawa, dozi hupanda, mgonjwa huwashwa, mkojo hugoma, pumzi inaweza kufifia. Kwa wengine uvimbe huota kwenye ncha ya mrija na kuubana uti wenyewe.

Mkata mkonge wa Korogwe ambaye kiuno kimemtesa miaka mingi hahitaji kuahidiwa pampu hiyo. Pampu hujazwa dawa tena na tena na wataalamu, na anayekosa zamu yake huingia hatarini. Anastahili kupimwa vizuri, mazoezi ya viungo, dawa za kawaida zinazofuatiliwa, na mhudumu anayemwamini anaposema anaumwa.

Kwa mgonjwa wa saratani au aliye katika siku za mwisho, jirani zetu wameonyesha njia nyepesi zaidi. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mjini Kampala mwaka 1993, akitumia mofini ya maji ya kunywa. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Kutoka Kang'ata hadi Ocean Road ni safari ya kupita Handeni, Mkata na Chalinze, na mgonjwa mwenye maumivu makali haiwezi. Wizara ya Afya na halmashauri zetu zihakikishe chupa ya mofini hiyo, na muuguzi wa kuiandika, vinamfikia alipo.